Birika la Moka na Kahawa ya Kubeba: Tathmini kwa Mnywaji wa Kila Siku Dar es Salaam

Birika linalozungumziwa hapa ni lile dogo la alumini lenye pande nane, ambalo Alfonso Bialetti alilianzisha huko Italia ya kaskazini mwaka 1933 na ambalo umbo lake halijabadilika sana tangu wakati huo. Dar es Salaam linapatikana kwa sura mbili: lipo lenye chapa ya kiwanda chenyewe, likiwa na mchoro wa bwana mwenye masharubu aliyeinua kidole, na yapo yasiyo na jina, ambayo huuzwa katika maduka ya vyombo ya Kariakoo kwa bei nafuu zaidi. Nimeyatumia yote mawili, na ubora wake kama chombo hauna ubishi mkubwa. Lenye ubishi ni kama mtu aliyezoea kununua kahawa ya maziwa mgahawani kila asubuhi na kuondoka nayo ana sababu ya kutosha ya kuhamia kwenye birika hili. Jibu langu ni kwamba anayo, lakini kwa sharti moja ambalo halihusu birika hata kidogo, nalo ni kwamba kahawa anayoitia iwe imekaangwa karibuni. Pasipo sharti hilo atakuwa amenunua pambo la jikoni.

Tuanze na kahawa ya kubeba, kwa kuwa ndiyo inayotakiwa kushindwa. Katika migahawa ya Masaki, Oysterbay na katikati ya jiji, kapuchino ya kubeba hugharimu kati ya shilingi 5,000 na 8,000, kutegemea ukubwa wa kikombe na hadhi ya mtaa. Ndani yake mna espreso moja au mbili, kila moja ikiwa na mililita 30 hivi za kahawa iliyokamuliwa kwa mgandamizo wa takriban baa 9 (baa ni kipimo cha mgandamizo), na sehemu yote iliyobaki ni maziwa yaliyopashwa kwa mvuke. Ukiichambua bei hiyo unakuta kwamba mteja analipia maziwa, umeme wa mashine, pango la mtaa ghali na kikombe cha karatasi kabla hajaifikia kahawa yenyewe, na sioni ubaya wowote katika hilo mradi anajua anacholipia. Barista aliyefunzwa vizuri hutoa maziwa laini yenye povu jembamba ambalo jikoni kwangu sijapata kulifikia, na espreso ya mashine ina uzito ambao birika la moka, linalofanya kazi kwa mgandamizo wa baa 1 au 2 tu, haliwezi kuupata hata ulibembeleze namna gani.

Udhaifu wa kahawa ya kubeba unaanza pale inapobebwa. Povu la kapuchino limekusudiwa kunywewa ndani ya dakika chache, likiwa bado limeshikana na maziwa. Mtu anayetoka Masaki saa moja na nusu asubuhi na kukutana na foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi hufika mjini povu likiwa limejitenga, maziwa yamekuwa vuguvugu, na kilichobaki chini ni kinywaji kisichoeleweka kama ni chai au uji mwepesi. Kifuniko cha plastiki nacho huzuia harufu isifike puani, ilhali sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ya kahawa ni harufu. Abiria wa mwendokasi hana hata nafasi ya kulalamikia hayo, kwa kuwa mkono mmoja umeshika bomba na wa pili unalinda simu.

Upo mgahawa mmoja ninaoupitia mara kwa mara, ambao hutoa kahawa nzuri sana ukiinywa pale pale kwenye kikombe cha kauri, lakini mteja wa kubeba hupewa maziwa yaliyopashwa kupita kiasi ili yasipoe njiani. Maziwa yakizidi nyuzi 70 hivi hupoteza utamu wake wa asili na kuanza kutoa harufu ya kupikwa. Mhudumu niliyemuuliza alinijibu kwa upole kwamba wateja wa kubeba hulalamika kahawa ikiwa ya vuguvugu, na hakuna anayelalamika ikiwa imeungua. Jibu lake lilikuwa la haki kabisa, na ndilo lililonifanya niache kuichukulia kahawa ya kubeba kuwa ni ile ile ya mezani iliyobadilishiwa kikombe.

Pwani ilikuwa na huduma ya kahawa ya kutembea zamani sana kabla ya kikombe cha karatasi, ila katika huduma hiyo kahawa ndiyo inayomfuata mnywaji. Muuza kahawa hupita na dele la shaba lenye makaa chini yake, akigonganisha vikombe vidogo ili asikike, na mteja hunywa papo hapo kwa sababu kikombe kinarudishwa. Kwenye vijiwe vya Kariakoo, Magomeni na Temeke, na katika baraza za Mji Mkongwe wa Zanzibar, hasa pale Jaws Corner, kikombe hicho bado kinapatikana kwa bei isiyofikia shilingi 500. Kahawa yake hukaangwa hadi ikaribie weusi, hutwangwa au kusagwa, kisha huchemshwa moja kwa moja na maji, mara nyingi pamoja na tangawizi na wakati mwingine iliki. Haitiwi sukari, na uchungu wake hutulizwa kwa kashata au tende. Kwa kulinganisha bei na nguvu ya kinachonywewa, hakuna mgahawa jijini unaoishinda. Kasoro yake ya kweli ni usafi, kwa kuwa wauzaji wengi husuuza vikombe katika ndoo moja tangu alasiri hadi usiku, ingawa mwenye wasiwasi anaweza kwenda na kikombe chake mwenyewe na asishangawe sana. Kasoro ya pili ni wakati: kijiwe huchangamka watu wakishatoka kazini, na anayetaka kahawa saa mbili asubuhi akiwa ofisini hatahudumiwa na dele.

Hapo ndipo birika la moka linapopata nafasi yake. Chini lina tangi la maji lenye valvu ndogo ya usalama ubavuni. Katikati hukaa faneli ya chuma yenye matundu, ambayo mrija wake hushuka hadi karibu na kitako cha tangi, na humo ndimo unga wa kahawa hutiwa. Juu ni jagi ambamo kahawa iliyoiva huingia kupitia bomba jembamba. Maji yakipata moto, hewa na mvuke vilivyofungiwa juu yake hutanuka na kuyasukuma yapande kwenye mrija, yapite katika kahawa na kutokea juu. Tofauti kubwa na dele iko hapo, kwani kwenye dele kahawa na maji huchemka pamoja muda mrefu hadi uchungu wote utoke, ilhali kwenye moka maji huipitia kahawa mara moja tu na kuiacha. Kinachopatikana ni kinywaji kilicho kati ya espreso ya mgahawani na kahawa ya kuchuja, kizito kuliko hiyo ya pili na chepesi kuliko ya kwanza.

Kanuni za kulitumia ni chache lakini hazivumilii uzembe. Maji yaishie chini kidogo ya valvu. Kahawa ijazwe hadi ukingoni mwa faneli na kusawazishwa kwa mgongo wa kisu, lakini isishindiliwe, kwa sababu ikishindiliwa maji hupita kwa taabu na kinywaji hutoka na ladha ya kuungua. Usagaji uwe wa kati kuelekea laini. Moto uwe mdogo. Mimi huanza na maji yaliyokwisha kuchemshwa, ili birika lisikae jikoni muda mrefu na kuichoma kahawa ikiwa bado kavu, na kwa sababu hiyo nahitaji kitambaa cha kushikia tangi ninapokaza jagi juu yake. Kifuniko nakiacha wazi ili nione. Kwanza hutoka uzi mzito wa kahawia iliyokolea, polepole na bila kelele, kisha rangi hufifia kuelekea manjano na birika huanza kukoroma na kutema matone. Mkoromo huo ndio mwisho wa kahawa nzuri, na papo hapo birika liondolewe jikoni, na asiyejiamini alimwagie maji baridi kwenye tangi kwa nje ili kukata moto uliobaki. Atakayesubiri hadi mkoromo ukome atapata jagi lililojaa zaidi na kahawa chungu zaidi, kwa kuwa kinachopita wakati huo ni mvuke na maji ya moto mno kwenye kahawa iliyokwisha kutoa kilicho chema.

Jiko lenyewe linahitaji neno. Jiko la gesi la plate mbili, ambalo ndilo lililopo katika nyumba nyingi za kupanga, lina vyuma vya kuegemeza sufuria vilivyoachana kiasi kwamba birika dogo huyumba au huzama katikati, jambo ambalo maelekezo ya kwenye boksi hayalitaji. Kipande cha wavu wa chuma kilichokatwa na fundi wa mtaani kinamaliza tatizo hilo kwa gharama ndogo. Kwenye jiko la mkaa birika hufanya kazi vizuri mno, hasa makaa yakiwa yameanza kufunikwa na jivu, mradi mkono wake wa plastiki uelekezwe nje ya jiko usije ukayeyuka. Mwenye jiko la induksheni ajue kwamba alumini haipati moto humo, na atafute birika la moka la chuma cha pua ambalo kitako chake kinashikwa na sumaku.

Sasa nirudi kwenye lile sharti. Kahawa ikishasagwa huanza kupoteza harufu yake mara moja, na pakiti iliyokaa miezi kadhaa kwenye rafu ya supamaketi itatoa kinywaji kisicho na ladha hata ikipikwa na Mwitaliano mwenyewe. Mnunuzi atafute tarehe ya kukaangwa, si ile ya mwisho wa matumizi, na pakiti isiyoonyesha tarehe hiyo airudishe rafuni bila huruma. Herufi AA zilizochapwa kubwa mbele ya pakiti zisimbabaishe, kwa kuwa hilo ni daraja la ukubwa wa punje na halisemi lolote kuhusu lini kahawa ilikaangwa au imehifadhiwaje. Njia bora ni kununua punje nzima, kidogo kidogo, kutoka kwa mkaangaji wa hapa hapa nchini, na kusaga zile tu utakazozipika asubuhi hiyo.

Uchaguzi upo, na ni mpana. Ipo kahawa ya aina ya arabika ya Kilimanjaro, ambako wamisionari Wakatoliki wa Kilema walipanda kahawa mwaka 1898, ipo ya Mbinga mkoani Ruvuma, ipo ya Mbozi mkoani Songwe, na ipo ya aina nyingine, robusta, ya Kagera, ambayo Wahaya walikuwa wakiichemsha, kuikausha na kuitafuna pamoja na wageni wao kabla mtu yeyote hajawaletea birika. Kwa anayekunywa kavu, napendekeza arabika iliyokaangwa wastani, kwa sababu uchachu wake mwepesi unaonekana vizuri kwenye moka, ilhali ukaangaji mweusi hufanya zote zifanane. Anayetia maziwa atafaidika zaidi akichanganya theluthi moja ya robusta, ambayo ni nzito na yenye kafeini inayokaribia maradufu ya arabika, kwani arabika peke yake humezwa na maziwa. Inasikitisha kwamba sehemu kubwa ya mavuno yetu huondoka nchini ikiwa buni, yaani punje ambazo hazijakaangwa, na kwamba baadhi ya migahawa ya jijini huandika ukutani majina ya kahawa za Italia kana kwamba miti inaota huko.

Mwenye ndugu shambani anaweza kupata buni na kuikaanga mwenyewe kwenye kikaango kizito, akiikoroga bila kupumzika hadi isikike ikipasuka, kisha aiache ipumue walau siku moja kabla ya kusaga. Kinu na mchi vinafaa, ila hutoa unga usiolingana ambao vumbi lake huziba matundu ya faneli, kwa hiyo uchekechwe na vumbi liwekwe kando kwa ajili ya kahawa ya kuchemsha. Kinu kidogo cha kusagia kwa mkono ni bora kuliko mashine ya blenda, ambayo hukatakata bila mpango na kuipasha kahawa moto.

Atakayeuliza kwa nini asikoroge tu Africafe anastahili jibu la heshima. Kopo hilo linalotoka kiwanda cha Tanica pale Bukoba ndilo lililoingiza kahawa katika nyumba nyingi ambazo zilijua chai peke yake, na kwa wepesi haligusiki, kwani maji ya moto na kijiko vinatosha. Kahawa ya namna hiyo imekwisha kupikwa na kukaushwa kiwandani, kwa hiyo harufu nyingi imebaki huko huko. Hata hivyo, baina ya Africafe na pakiti ya kusaga iliyochakaa, nitachukua Africafe, na ninamshauri asiye na mahali pa kupatia kahawa mpya afanye hivyo na fedha ya birika ailaze benki.

Kwa upande wa gharama, birika la vikombe 3 hutumia gramu 15 hadi 18 za kahawa. Tuseme pakiti ya gramu 250 imenunuliwa kwa shilingi 12,000 na kila mara unatia gramu 16: itatosha kupika mara 15, yaani shilingi 800 kwa asubuhi moja. Ukiongeza robo lita ya maziwa na gesi ya dakika chache, bado hujafika shilingi 2,000. Mtu anayenunua kapuchino ya shilingi 6,000 katika siku tano za kazi hutumia 30,000 kwa wiki, na akipikia nyumbani hafiki 10,000, kwa hiyo hata birika likimgharimu 60,000 litakuwa limejilipa katika muda wa wiki tatu hivi. Hesabu hiyo ni ya anayeacha kweli. Anayenunua birika na kuendelea kupitia mgahawani, jambo ambalo nimeliona kwa marafiki zaidi ya mmoja, amejiongezea matumizi tu.

Maji nayo yana usemi mkubwa, hasa Dar es Salaam, ambako nyumba nyingi hutegemea visima vyenye chumvichumvi. Maji ya namna hiyo huifanya kahawa iwe na ladha nzito isiyotoka hata ukibadilisha punje, na huacha ukoko mweupe ndani ya tangi unaoweza kuikwamisha valvu. Tumia maji ya kunywa ya chupa kubwa, yale yale ambayo familia huyanywa, kwa kuwa kiasi kinachohitajika ni kidogo mno.

Kasoro za birika zipo, na nisingependa zifichwe. Halitengenezi povu la maziwa, na vifaa vidogo vya betri vinavyouzwa kwa kazi hiyo hutoa mapovu makubwa yanayozimika upesi, hivyo mpenzi wa kapuchino atapungukiwa. Kuliosha kunaudhi, kwa sababu ni lazima lisubiriwe lipoe kabla ya kufunguliwa, machicha yagongwe nje, na kila sehemu ikaushwe kabla ya kulifunga tena, la sivyo alumini huweka madoa meusi na mpira unaoziba kiungo cha tangi na jagi hushika harufu. Lisisuguliwe kwa steelwire. Katika yasiyo na jina nimekuta nyuzi za kukazia zilizochongwa vibaya, ambazo huvujisha mvuke ubavuni na kuifanya kahawa ipande nusu nusu, kwa hiyo mnunuzi alifunge na kulifungua mara kadhaa dukani mbele ya muuzaji, na abonyeze valvu aone kama inacheza.

Hata swali la kubeba lina jibu lake, tena la Kitanzania kabisa, kwa kuwa karibu kila nyumba ina chupa ya chai. Chupa ndogo ya chuma iliyosuuzwa kwa maji ya moto kwanza, kisha ikatiwa kahawa ya moka pamoja na maji moto kiasi sawa, hufika Posta ikiwa na joto zuri baada ya foleni yoyote ile, na kwa kuwa haina povu la kupoteza, inayofika ndiyo iliyoondoka. Isitiwe maziwa humo. Chupa itashika harufu ambayo haitoki kirahisi.

Mabirika haya huuzwa kwa ukubwa wa vikombe 1, 3, 6 na kuendelea, na kikombe kinachohesabiwa hapo ni finjani ya mililita 50 hivi, si kikombe cha chai. Hayapikwi nusu, kwa kuwa faneli isiyojaa hupitisha maji ovyo, kwa hiyo mnywaji wa peke yake achukue la vikombe 3 na nyumba yenye wanywaji wawili au watatu ichukue la 6. Mpira wa katikati hukauka kwa matumizi ya kila siku na lazima ubadilishwe, na wa saizi isiyo sahihi haushiki hata ukilazimishwa, hivyo wa akiba ununuliwe siku hiyo hiyo, katika duka hilo hilo, pamoja na birika.